Redio ya Uani kwa Mama

Siku niliposikia kwamba tunasikika Mkwiro nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka ukuta. Wallahi nilipiga kelele, na kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hivyo Mkwiro nao wakanisikia nikipiga kelele. Alikuwa amepiga simu mwanamke mmoja wa kule kisiwani, sauti yake ya kukwaruza, akaniambia, "Dada, twakupata vizuri, kama uko hapa jikoni kwangu." Jikoni kwake! Mimi niko Msambweni, kwenye chumba cha uani kwa mama yangu, nimekalia kreti ya soda iliyopinduliwa, na sauti yangu iko jikoni kwa mtu ng'ambo ya maji. Nikamgeukia mdogo wangu aliyekuwa kwenye mitambo, nikamwambia, "Umesikia? Wewe, umesikia?" Alitabasamu kidogo tu, akapunguza kitufe fulani. Ndivyo alivyo. Maneno yote niliyamaliza mimi tumboni mwa mama. Yeye alipokuja alikuta yamekwisha.

Ni fundi wa simu na redio, ana kibanda chake karibu na stendi. Mtambo wetu aliuunda kwa mikono yake, vipande vingine alivitoa kwenye redio zilizokufa na vingine akaviagiza Mombasa. Ungeuona hungeuheshimu: kisanduku cha bati, feni ndogo ya kupoza, taa mbili, na waya uliotoka dirishani ukapanda mnazi wa mama hadi kileleni, ambako alikuwa amefunga antena kwa kamba ya nailoni. Mkwezi aliyetuangulia madafu ilibidi afundishwe. Kabla ya kupanda huja kugonga dirisha, "Jamani, napanda!", nasi tunawaambia wasikilizaji watuwie radhi, mnazini kuna mtu, kisha tunazima. Watu wakazoea. Kuna waliopiga simu baadaye kuuliza kama amebakisha dafu hata moja.

Studio, maana tuliiita studio bila haya, ilikuwa chumba cha kuwekea makumbi ya nazi. Tulitundika leso kuukuu kuta zote ili sauti isirudi, na sakafuni tukatandika magunia. Jogoo wa mama naye alikuwa na tabia moja mbaya: kila nikianza kusoma tanzia, anawika. Nilimchukia jogoo yule kwa moyo wangu wote, na mara mbili nilimwomba mama tumchinje. Mama akasema afadhali anichinje mimi, jogoo hapigi kelele siku nzima.

Na tulikuwa na kazi! Kwetu mtu akifa asubuhi huzikwa alasiri, na nduguze wametawanyika, mmoja yuko Waa, mwingine yuko Vanga, mwingine yuko shambani nyuma ya vilima ambako simu haishiki lakini redio inashika. Watu walikuja mbio hadi dirishani, jasho linawatoka, wanataja jina la marehemu na saa ya mazishi, nami nasoma mara tatu. Kulikuwa na mbuzi waliopotea na mbuzi waliopatikana. Kulikuwa na habari za maji kurudi bombani, za chanjo kwenye zahanati, za ngoma ya arusi kuahirishwa kwa sababu bibi arusi anaumwa jino. Lakini kilichotufanya tupendwe ni salamu. Mtu wa Shimoni anamsalimu shemeji yake aliye Kinondo, na shemeji naye hakubali kulala na deni la salamu, lazima azijibu, na akizijibu anaongeza majina, na wale walioongezwa nao wana mdomo. Nilikuwa nasoma mpaka koo likauma. Nilikuwa na furaha, ebu niseme ukweli, sijapata kuwa na furaha kama ile maishani mwangu, hata nilipoolewa.

Kuhusu sheria, tulikuwa tunaijua. Mdogo wangu ndiye aliyeitafuta kwenye simu, akanipa niisome, na niliisoma yote nikiwa nimesimama. Ilisema hakuna ruhusa ya mtu kurusha matangazo bila leseni na bila masafa aliyogawiwa, na atakayepatikana anafanya hivyo mitambo yake itachukuliwa, naye atatozwa faini au atafungwa jela, au vyote viwili. Jela. Niliirudisha ile simu kama imeniunguza.

"Atakayefungwa ni mwenye mtambo," aliniambia. "Na mwenye mtambo ni mimi."

"Hiyo ni sheria ya mabwana wakubwa wanaogombana kule Nairobi," nikamjibu. "Sisi twasoma salamu. Nani atakuja kumfunga mtu kwa salamu?"

"Sheria haikutaja salamu."

"Ehe! Umeona?"

"Namaanisha haikusema zinaruhusiwa, dada."

Alitaka tuzime, tuombe leseni kwanza, tungoje. Nikamwuliza tungoje mpaka lini, na waliokufa leo wangoje nao? Basi tukaendelea. Na mama, ambaye ana mtoto wa kiume mmoja tu duniani, na mtoto mwenyewe ndiye huyo, hakuambiwa neno juu ya jela. Yeye alijua wanawe wana redio. Alikuwa na ki-redio chake kidogo kimetundikwa msumarini jikoni, akituwasha asubuhi anapokuna nazi na kutuzima anapokwenda kuswali. Ungemwambia kwamba redio hiyo ina makosa, angeuliza makosa gani, mbona inasikika?

Wageni walikuja siku ya joto, jua la saa saba linachoma.

Mama alikuwa anatoka dukani akakutana nao njiani, wanaume wawili ndani ya gari jeupe lenye vyuma juu ya paa. Wakashusha kioo. Mmoja, aliyekuwa mhandisi wa mamlaka ya mawasiliano ingawa mama hakuwa na habari, akamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo, mama," kwa Kiswahili cha bara kilichooshwa kikatakata. Akauliza kama ni kweli hapa kijijini kuna redio. Ee Mungu wangu. Umwulize mama yangu kama kuna redio! Alipanda gari lile bila kungojea kuitwa mara ya pili. Akakaa nyuma na mfuko wake wa unga, akawaongoza, kata hapa, pita pale, angalieni huyo mbuzi, mpaka ndani ya ua.

Mimi nilikuwa hewani. Nilisikia gari, kisha sauti ya mama, "Karibuni, karibuni, starehe," nikachungulia dirishani nikaona wageni wanavua viatu barazani. Nao walijaribu kusema shida yao. Nilimwona mhandisi akitoa kadi mfukoni. Mama akausukuma mkono wake ukarudi mfukoni na kadi yake. Kwa mama yangu mgeni haulizwi alichofuata, wala haruhusiwi kukisema, mpaka awe amekula, ameshiba na amenawa. Kumwuliza kabla ya hapo ni kumwambia nenda zako. Watu wa huku wote tumelelewa hivyo, na hata askari wa kweli akija na pingu atapewa kwanza maji ya kunywa.

"Mama, sisi tuko kazini," nilimsikia yule mwenzake, dereva, akisema.

"Kazi haikimbii. Mtanidharau mpite hivi hivi?"

Akawatandikia mkeka. Akawapakulia wali wa nazi na mchuzi wa papa, na pilipili ya kukaanga pembeni, akamwita mkwezi awaangulie madafu. Na hapo ndipo mkwezi alipokuja dirishani kwangu, "Dada, napanda, kuna wageni!", nami kwa kuchangamka kwangu, kabla hatujazima, nikasema hewani: "Wasikilizaji, leo uani kwetu pana wageni, wametoka mbali kuja kutuona, na mama anawalisha. Karibuni sana, wageni wetu, jisikieni mko nyumbani!" Ki-redio cha jikoni kikayarudia maneno hayo barazani. Mhandisi aliinua tonge akanipungia kwa mkono huo huo. Nikadhani ni wasikilizaji wetu tu, labda kutoka Ukunda. Nikampungia.

Nilipogeuka nilimwona mdogo wangu. Alikuwa akitazama gari na vile vyuma vya juu ya paa. "Ni wao," akasema. "Wamekuja na mashine ya kutafutia mitambo."

"Wao nani?"

 Alivua kofia yake, akaivaa tena, akazima mtambo. Feni ilizunguka kidogo ikasimama. Sijasikia kimya kama kile, na mimi kimya sikijui.

Mhandisi alikula akamaliza. Nasema hivi kwa sababu watu waliposimuliwa baadaye walidai alibakisha kwa aibu. Si kweli, alimaliza na dafu akanywa. Akanawa mikono, akamshukuru mama, kisha akakaa sawa kwenye mkeka, akasema, "Mama, chakula kilikuwa kitamu, Mungu akubariki. Sasa naomba uniruhusu nifanye kazi iliyonileta." Akatoa tena kadi, na safari hii mama akamwacha.

Nilitoka mle chumbani kama moto. Nilimwambia maneno. Nilimwuliza kama Nairobi kumekwisha wezi, kama wamekosa pa kwenda mpaka waje kutafuta watu wanaosoma tanzia, kama haoni haya kula wali wa mtu na huku amemchimbia shimo. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akauliza, "Ni wewe unayesoma salamu?"

"Ni mimi, na nini?"

"Naomba usikilize kitu." Akatoa simu, akabonyeza. Kwanza ilikuja mikwaruzo, na sauti ya mwanamume anazungumza Kiingereza, anataja nambari, na mwingine anamjibu. Halafu katikati yao, kwa uwazi wa ajabu, nikajisikia mimi. Mimi mwenyewe, nacheka, namsalimu mtu wa Vanga pamoja na wake zake wote wawili, na jogoo nyuma yangu. Yule mwanamume wa Kiingereza akawa anasema jambo moja mara tatu, nne, na hakuna anayemjibu, kwa sababu mimi nimejaa.

"Huyo ni rubani," mhandisi akasema. "Anaomba kutua Ukunda."

Najua nilipaswa kuogopa. Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonitoka kinywani ni, "Rubani alinisikia? Huko juu?"

"Alikusikia wewe tu. Ndiyo shida yenyewe. Ilibidi azunguke, hawezi kuwasikia walio chini." Akamtazama mdogo wangu, si mimi. "Mtambo wako una nguvu kuliko unavyofikiri, na haukai kwenye masafa yake. Unamwaga pembeni."

Mdogo wangu alitikisa kichwa polepole, na niliona kwamba hakuwa anabisha. Alikuwa anafikiri ni kipande gani kinamwaga. Akili yake ilikuwa imeshaingia ndani ya kisanduku inatafuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliongeza ili tufike Mkwiro." Hiyo "tufike" ilinichoma, maana aliyekuwa akililia Mkwiro ni nani?

Mama alikuwa bado ameshika birika la kunawia. "Lakini umekula kwangu," akamwambia mhandisi.

"Ndiyo, mama, nami naona haya, sikufichi. Lakini ile ndege ingeanguka ningekuja kukuambia nini?"

  Mama aliweka birika chini, akasema kwa fahari yake yote, kana kwamba anamtambulisha mtoto kwa wakwe, "Redio ni ya mwanangu huyu. Ameiunda mwenyewe, hakufundishwa na mtu." Dereva aliandika hilo. Mimi nikafumba macho.

Wakaja askari wa kituo, mtambo ukapakiwa, antena ikateremshwa na mkwezi yule yule aliyewaangulia madafu. Mdogo wangu akapelekwa. Mimi waliandika maelezo yangu wakaniambia niende nyumbani, kwamba wanayemtaka ni mwenye mtambo. Nilikasirika sana. Mwaka mzima nasema mimi, sauti ni yangu, hata rubani anaijua, na siku ya kushikwa naambiwa nikapumzike!

Alitolewa kwa dhamana, na kesi ikawekwa Kwale, kule juu mlimani. Wakili hatukuwa naye. Tulikuwa na majirani waliojifanya mawakili, na kila jioni baraza la mama lilijaa wanasheria wa bure. Wote walisema neno moja: akane. Yeye si fundi? Basi aseme mtambo uliletwa na mteja utengenezwe, mteja hakurudi. Sauti iliyonaswa si yake. Nani amemwona akiutumia? Kijiji kizima hakijaona, hakijasikia. Watu waliokuwa wakinitumia salamu kila siku sasa waliapa hawajui hata redio inawashwaje. Nilifurahi, jamani. Niliona tumeshinda. Mdogo wangu alisimama mbele ya hakimu akasema, "Si kweli," kwa sauti ambayo haikufika dirishani, na kesi ikapangiwa mashahidi.

Shahidi wa pili alikuwa mama.

Bila shaka alikuwa mama! Nyumba ni yake, mnazi ni wake, na maneno "redio ni ya mwanangu" alikuwa ameyasema mwenyewe, mdomo umejaa fahari, mbele ya watu wawili. Upande wa mashtaka ulihitaji ayarudie tu mahakamani, na mdogo wangu ameingia ndani. Na mama ni mtu ambaye hajawahi kuweka mkono juu ya msahafu kwa jambo la uongo. Hata kwa jambo la kweli huwa hapendi, husema Mungu asisumbuliwe na mambo ya sokoni.

Nilimwandama siku zile mpaka akanichoka. Namfuata jikoni, namfuata kisimani. "Mama, waweza kusema hukumbuki."

"Mimi? Nakumbuka mvua iliyonyesha siku niliyokuzaa, nisahau redio iliyokuwa uani kwangu?"

"Basi sema hukuelewa walichokuuliza."

"Waliniuliza kwa Kiswahili."

"Mama, watamfunga!"

Aliendelea kukuna nazi. Nazi ikawa inaanguka siniani, na mimi nalia kwa hasira nimeegemea mlango, na hakuniambia atasema nini. Jambo lililonishangaza zaidi ni mdogo wangu. Hakumwuliza kamwe. Walikula pamoja, wakaulizana habari za kibanda, za mgongo wa mama, na kesi hawakuigusa kabisa. Nilimwambia, "Kamwombe wewe, wewe ndiye kipenzi chake." Akasema, "Nimwombe nini?" Nikampiga na kandambili.

Siku yenyewe mahakama ilijaa. Walikuja watu nisiowajua kwa sura, na nilipomkaripia mmoja aliyenikanyaga, watatu wakageuka, "Ala! Ndiye huyu!", wakaanza kunisalimu pale pale, mimi wa Shimoni, mimi yule wa mbuzi mweusi, mpaka askari akatunyamazisha. Nilikuwa na furaha na hofu pamoja, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Mhandisi alitoa ushahidi kwanza. Alisema kweli tupu, hakuongeza chumvi, na alipofika kwenye chakula alisema alikula. Watu wakacheka, na hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akainamisha uso kwenye karatasi zake. Mhandisi akaulizwa kama alimwona mshtakiwa akirusha matangazo kwa macho yake. Akasema hapana, alipoingia chumbani mtambo ulikuwa umezimwa. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Tumepona."

Akaitwa mama. Alikuwa amevaa buibui lake la sikukuu na alinukia udi. Alijifukiza asubuhi ile kama anayekwenda arusini. Alipanda kizimba cha mashahidi akimkataa askari aliyetaka kumshika mkono. Karani akamletea msahafu. Mama akauliza kama karani ana udhu, nani aliushika kabla, na karani akamhakikishia, ukawekwa vizuri juu ya kitambaa. Nilimtazama usoni, uso ambao naujua kuliko wangu, na sikuweza kuusoma. Nilianza kuomba. Nilimwomba Mungu amsahaulishe, amnyang'anye sauti, amfanye azimie. Mama akaweka mkono wa kulia juu ya msahafu, akafungua kinywa.

"Mheshimiwa," mdogo wangu akasema.

Alikuwa amesimama. Askari alimwambia aketi, hakuketi.

"Mheshimiwa, ni mimi. Mtambo ni wangu, nimeuunda, na nilikuwa narusha matangazo bila leseni. Nilikuwa naijua sheria. Mama asiape."

Hata sasa nikikumbuka nasisimka. Sauti ile safari hii ilifika dirishani, ilifika nje, na watu walioko nje wakaanza kuulizana amesema nini. Mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya benchi nasema, "Hapana, hapana, haelewi!" na kuna mtu ananivuta buibui. Hakimu alisubiri tukatulia. Akamwuliza kama anaelewa kwamba anakiri kosa, kama kuna aliyemlazimisha, kama anajua adhabu yake. Kila swali akajibu ndiyo au hapana, hakuongeza neno.

"Mama, unaweza kushuka," hakimu akasema.

Mama hakuondoa mkono. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa nimekusudia kusema kweli."

"Najua, mama. Sasa haihitajiki."

"Nakuambia ili na yeye ajue." Hakumtazama mwanawe aliposema hivyo, alikuwa anamtazama hakimu. "Asidhani nilikuja kumdanganyia."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema sheria haikuwekwa kwa ajili ya kuwaonea watu wadogo. Anga ni njia, na njia ina magari mengine. Alisema ndege ingeweza kuanguka na sisi tunacheka. Halafu akasema amezingatia kwamba mshtakiwa amekiri, hana kosa la nyuma, na hakuwa akichuma chochote. Mtambo utataifishwa. Mshtakiwa atapewa kifungo cha nje, atumike katika zahanati ya serikali, arekebishe umeme na kufagia, chini ya uangalizi, na siku atakayorudia ataingia ndani bila maelezo. Niliposikia "cha nje" nilipiga kelele za pili maishani mwangu za namna ile, na safari hii askari alinitoa nje kweli.

Nje kila mtu alikuwa anamkumbatia mwenzake. Mhandisi alinipitia karibu na ngazi, akaniambia leseni za redio za jamii zipo, tuombe sawasawa, tuombe masafa yetu. Nilimwambia nitaomba, nami nimeomba, na nasubiri. Siku ile lakini sikuwa na habari na leseni. Nilikuwa namtafuta mdogo wangu nimgombeze.

Nilimkuta ukutani, peke yake, anajipepea na kofia. "Mjinga wewe!" nikamwambia. "Tulikuwa tumeshinda! Mama angeweza kusema hakumbuki, angeweza kunyamaza tu. Wewe ulijuaje atasema nini?"

"Nilijua. Angesema kweli."

"Na ungefungwa, yeye mwenyewe ndiye angekuwa ametaka!"

"Ningefungwa, ningetoka," akasema. "Lakini yeye angerudi nyumbani. Kila akipakua chakula angekumbuka ni mdomo wake ulionifunga. Hata nikishatoka, angekuwa ananitazama nikila." Akavaa kofia. "Afadhali nijifunge mwenyewe, dada."

Nilikuwa na la kumjibu, nalo lilikuwa refu. Lakini mama alikuwa ametokea mlangoni, anashuka ngazi za mahakama peke yake, ameshika ukuta, na tulikimbia sote wawili kwenda kumshika.